Mpaka Upi? Mwongozo kwa anayechora takwimu za Kisii na Nyamira

Keroka ni soko moja, lakini kwenye majedwali ni vipande viwili. Mpaka wa Kaunti ya Kisii na ya Nyamira unapita mjini humo, na serikali za kaunti hizo zimevutana juu ya nani anastahili kukusanya ada za pale. Kwa mwenye kibanda, mvutano huo ni wa risiti. Kwako wewe unayeandaa ramani ya kipindupindu au ya watoto wasioenda shule, ni mvutano wa nambari. Mji umekatwa, upande mmoja umehesabiwa pamoja na vijiji vya Masaba Kaskazini, upande wa pili pamoja na vya Masaba Kusini, na ukisoma takwimu za kaunti ndogo huwezi kujua kwamba mahali hapo kuna mji.

Mwongozo huu nimeuandikia afisa mipango wa kaunti, karani wa rekodi za afya, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii anayehangaika na tasnifu, na mwanahabari aliyekabidhiwa jedwali akaambiwa atoe habari kabla ya jioni. Nina jambo moja la kuwaambia nyote. Kiwango chochote unachokokotoa kwa eneo kimetoka kwa watu na kimetoka kwa mpaka vilevile. Ukisogeza mpaka bila mtu yeyote kuhama, kuzaliwa wala kuugua, kiwango hubadilika. Kwa hiyo usitangaze tokeo la ramani kabla hujalipima kwa mipaka mingine.

Jua umeshika ngazi ipi

Kuna ngazi mbili za mipaka, na hukutana kwenye kaunti tu. Ya kwanza ni ya utawala: kaunti ndogo, tarafa, kata ya chifu, kata ndogo ya naibu wa chifu. Ya pili ni ya uchaguzi: eneobunge na wadi. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilitoa matokeo ya sensa ya 2019 kwa ngazi ya kwanza. Miradi ya kaunti na ya hazina ya maeneobunge huenda kwa ngazi ya pili. Sensa hiyo inaipa Kisii kaunti ndogo 11 na Nyamira 5. Maeneobunge ni 9 Kisii na 4 Nyamira, na wadi ni 45 na 20. Ukiona ripoti imeandika "kaunti ndogo" lakini orodha ya Kisii ina majina tisa, fahamu kwamba mwandishi anazungumzia maeneobunge, na usizigawanye nambari zake kwa idadi ya watu ya sensa bila kuzioanisha kwanza.

Majina yenyewe ni mtego. Maeneo ya Gusii yalipangwa kwa sehemu kubwa kufuata koo kuu: Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Bomachoge, Bonchari na Mugirango. Kwa hiyo jina moja hujitokeza mahali pengi. Mugirango Kusini iko Kisii, ilhali Mugirango Kaskazini na Mugirango Magharibi ziko Nyamira. Kitutu Chache iko Kisii na Kitutu Masaba iko Nyamira. Nyaribari Masaba ni eneobunge la Kisii, Masaba Kaskazini ni kaunti ndogo ya Nyamira. Bomachoge Borabu iko Kisii, na Borabu yenyewe iko upande wa pili kabisa, Nyamira, inakopakana na Bomet. Programu ya kompyuta haijui koo. Ukiiambia iunganishe majedwali mawili kwa neno "Borabu" itaunganisha, na haitakuonya. Unganisha kwa misimbo ya KNBS au ya tume ya uchaguzi, na pale ambapo misimbo haipo, tengeneza orodha yako ya majina yenye kaunti mbele ya kila jina, uikague kwa macho mstari kwa mstari. Kazi hiyo inachosha lakini huokoa ripoti nzima.

Jaribio la kwanza: msongamano wa watu

Chukua nambari zinazojulikana na kila mtu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina takriban kilomita za mraba 1,323 na Nyamira 897. Gawanya: Kisii watu 958 kwa kilomita ya mraba, Nyamira 675. Habari inajiandika yenyewe, kwamba Kisii imebanana na Nyamira ina nafasi.

Sasa fungua Nyamira uone kilicho ndani. Kaunti ndogo ya Borabu ilikuwa na watu 73,167 kwenye takriban kilomita za mraba 250. Hiyo ni zaidi ya robo ya ardhi ya kaunti ikibeba mtu mmoja katika kila wanane. Borabu ilitokana na mpango wa makazi wa wakati wa uhuru, mashamba ya walowezi yalipogawiwa familia za Wagusii kwa vipande vikubwa kuliko vile walivyokuwa wamezoea. Iondoe, ukokotoe upya Nyamira iliyobaki: watu 532,409 kwenye eneo la karibu kilomita za mraba 647, yaani zaidi ya 820 kwa kila kilomita ya mraba. Borabu peke yake inabaki na watu chini ya 300 kwa kilomita ya mraba.

Tofauti ya watu 283 kati ya kaunti hizo mbili imepungua hadi kama 135. Zaidi ya nusu ya ile habari haikuhusu Nyamira yote. Ilihusu mpango mmoja wa makazi uliowekwa ndani ya mpaka wa kaunti hiyo badala ya kuwa kitengo chake. Mkulima wa Manga au wa Ekerenyo hana nafasi ile ambayo wastani wa kaunti unamkadiria. Akipangiwa huduma za kilimo kwa wastani huo, amepangiwa shamba ambalo hana.

Fanya jaribio hili kwa kila kiashiria unachopewa. Shuka ngazi moja, tafuta kipande kinachovuta wastani, kiondoe, uone kinachobaki.

Ukubwa wa kizio, na mahali pa kukata

Tatizo hili la mipaka lina nyuso mbili, na ni vyema kuzitenganisha kwa sababu dawa zake si moja.

Uso wa kwanza ni ukubwa wa kizio, yaani wa kipande unachohesabia. Mwaka 1934 Gehlke na Biehl walichukua maeneo 252 ya sensa ya Cleveland, Marekani, wakapima uwiano kati ya makosa ya vijana na kodi za nyumba. Walipata -0.502. Wakaunganisha majirani hatua kwa hatua hadi wakabaki na maeneo 25, na uwiano ukafika -0.763. Vijana walikuwa walewale na nyumba zilezile. Kuunganisha hufuta tofauti ndogondogo za ndani, na kinachobaki huonekana kimenyooka kuliko kilivyo. Ndiyo sababu uwiano unaopatikana kwa kaunti 47 za Kenya mara nyingi huwa na nguvu kuliko ule wa kata ndogo, na mwenye haraka huupenda.

Uso wa pili ni mgawo, yaani mahali unapokata hata kama idadi ya vipande haibadiliki. Huu ndio unaotusumbua zaidi Gusii, kwa sababu ya milima. Malaria hupungua kadiri unavyopanda. Upande wa magharibi, ardhi inaposhuka kuelekea Homa Bay na Migori, hatari ni kubwa kuliko kwenye vilele vya Nyamira kama Kiabonyoru. Hebu tutumie nambari za kubuni. Kata ndogo sita zimepangana kutoka bondeni hadi kileleni, kila moja ina watu 1,000, na wagonjwa wa malaria kwa mwaka ni 60, 50, 30, 20, 10 na 10.

Unganisha mbilimbili kwa kufuata mwinuko. Bonde linapata 55 kwa kila elfu, mteremko 25, kilele 10. Ramani inapiga kelele: pelekeni vyandarua bondeni.

Sasa kata kutoka juu kwenda chini, ile ya kwanza na ya mwisho pamoja, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne. Unapata 35, 30 na 25. Ramani imetulia. Wagonjwa ni 180 vilevile, vipande ni vitatu vilevile, na pengo la mara tano na nusu limekuwa chini ya mara moja na nusu. Mipaka ya utawala inayofuata mto au barabara kutoka juu hadi bondeni hufanya hivyo hasa, bila nia mbaya ya mtu.

Stan Openshaw na Peter Taylor walionyesha mwaka 1979 jambo hili linavyoweza kwenda mbali. Walichukua kaunti 99 za jimbo la Iowa, wakapima uwiano kati ya wazee na wapiga kura wa chama cha Republican, kisha wakazipanga upya kaunti hizo katika makundi kwa njia nyingi sana. Mipangilio mingine ilitoa uwiano hasi wenye nguvu, mingine uwiano chanya wenye nguvu. Aliyetaka kuthibitisha lolote angepata mpaka wa kumsaidia.

Dawa ya ukubwa ni kurudia hesabu kwa ngazi mbili au tatu na kuziweka bega kwa bega. Dawa ya mgawo ni kutengeneza vizio vinavyofuata jambo lenyewe. Kwa malaria tumia matabaka ya mwinuko, kwa maji mabonde ya mito kama Gucha, kwa biashara umbali kutoka sokoni. Kama una programu ya QGIS na ramani ya mwinuko inayopatikana bure, kuchora matabaka ya mita 1,600, 1,800 na 2,000 ni kazi ya saa chache. Na kabla ya kupima eneo lolote, badilisha ramani kutoka nyuzi za latitudo na longitudo kwenda UTM kanda ya 36 Kusini. Gusii yote iko humo.

Mtego wa Gucha

Hapa nakaa zaidi, kwa maana ndipo kazi nyingi za wanafunzi zinapoharibika.

Wilaya ya zamani ya Kisii ilikatwa mara kadhaa. Nyamira ilitengwa kwanza, kisha Gucha. Katika miaka ya 2000 zikaja wilaya nyingine nyingi, hadi Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2009 kwamba wilaya zilizoundwa nje ya sheria ya 1992 hazikuwa halali. Katiba ya 2010 ikachukua orodha ya 1992 kuwa kaunti 47. Nyamira ilikuwamo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo ikawa kaunti. Gucha haikuwamo, ikarudi ndani ya Kisii. Lakini jina la Gucha halikufa. Lilibaki kama kaunti ndogo, ndogo mno kuliko ile wilaya.

Sensa ya 1999 inaipa Wilaya ya Gucha watu 460,939. Sensa ya 2019 inaipa Kaunti Ndogo ya Gucha watu 83,740. Ukiunganisha kwa jina, Gucha imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya watu wake kwa miaka ishirini. Ukichora ramani ya mabadiliko, hapo patawaka rangi nyekundu kana kwamba vita vilipita.

Namna ya kurekebisha ni kuijenga upya wilaya ya zamani kwa matofali mapya. Wilaya ya Gucha ilikuwa na maeneobunge ya Bobasi, Bomachoge na Mugirango Kusini. Kwa mipaka ya 2019, hizo ni kaunti ndogo za Nyamache na Sameta, Kenyenya na Gucha, Etago na Gucha Kusini. Jumlisha: 130,898 na 66,997, 131,740 na 83,740, 83,787 na 83,623. Jumla ni 580,785. Gucha ya zamani haikupoteza watu. Iliongeza asilimia 26.

Fanya hivyo kwa upande wa pili. Wilaya ya Kisii ya Kati ilikuwa na watu 491,786 mwaka 1999. Kaunti ndogo zinazoijenga leo ni Kisii ya Kati, Kisii Kusini, Kitutu ya Kati, Marani na Masaba Kusini, na jumla yao mwaka 2019 ni 686,075. Ongezeko ni karibu asilimia 40. Jumlisha pande zote mbili upate 1,266,860, ambayo ndiyo kaunti nzima, na kwa hiyo unajua hujaacha wala kurudia kipande. Kutokana na hesabu hii tunapata habari ya kweli ya kuchunguza: upande wenye mji wa Kisii umekua haraka kuliko upande wa Gucha ya zamani. Ile ya uwongo ilikuwa imeifunika.

Hesabu ya jumla kama hii ni ya kwanza tu. Kata zinaweza kuwa zilihamishwa kutoka kaunti ndogo moja kwenda nyingine, kwa hiyo ukitaka kuandika tasnifu, shuka hadi orodha za kata za sensa zote mbili na uoanishe jina kwa jina. Pale ambapo kata imegawanywa mara mbili na huna njia ya kujua nani alikwenda wapi, usigawe kwa ukubwa wa ardhi. Watu wa Gusii hawakutandazwa sawasawa juu ya ardhi. Gawa kwa idadi ya nyumba zinazoonekana kwenye picha za setilaiti, au uziache kata hizo zikiwa zimeunganishwa katika miaka yote miwili. Kuunganisha kunapoteza undani kidogo, lakini hakudanganyi.

Mgonjwa anatoka wapi?

Takwimu za afya hukusanywa kituoni. Kenya ilianza kutumia mfumo wa DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, na kila zahanati na hospitali huingiza nambari zake za mwezi. Mfumo huo huweka mgonjwa mahali kituo kilipo. Haujui anakolala.

Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kisii iko mjini na hupokea watu kutoka Nyamira, Migori, Homa Bay na Narok. Ukigawanya vifo vya hospitali hiyo kwa wakazi wa kaunti ndogo ilimo, utaonyesha kwamba kukaa mjini Kisii ni hatari kuliko kukaa popote Gusii. Maafisa mipango wawili niliowahi kuzungumza nao waliona ramani za namna hiyo zikijadiliwa kikaoni kwa uzito kabisa. Juu na chini ya mgawanyo lazima wawe watu walewale. Kama huna makazi ya wagonjwa, usichore kiwango. Chora idadi ya waliohudumiwa na useme hivyo kwenye kichwa cha ramani. Kama unaweza kufika kwenye madaftari ya hospitali, kijiji na kata ndogo mara nyingi vimeandikwa kwa mkono. Hapo ndipo penye utajiri, na karani anayevumilia kuyaingiza anafanya kazi kubwa kuliko programu yoyote.

Utafiti wa kitaifa wa afya, KDHS, una shida ya aina nyingine. Tangu 2014 unatoa makadirio ya kila kaunti, na sampuli yake imepangwa kwa ajili hiyo. Kuna watu hupakua viwianishi vya vijiji vilivyohojiwa na kuvipachika kwenye wadi. Usifanye hivyo. Ili kulinda siri za waliohojiwa, viwianishi husogezwa makusudi, hadi kilomita 2 mjini na 5 mashambani, na vichache vya mashambani hadi 10. Wadi ya wastani Kisii ina kilomita za mraba 29 hivi, yaani upande wake ni kama kilomita tano na nusu. Kijiji kilichosogezwa kilomita tano kinaweza kuangukia wadi ya jirani kwa urahisi. Huko Turkana, ambako wadi ni kubwa mno, kosa hilo lingekuwa dogo. Kwenu ni kubwa.

Usikate majirani

Vipimo vya mkusanyiko kama kile cha Moran, ambavyo hueleza kama maeneo yenye viwango vya juu yamekaa pamoja, hutegemea orodha ya nani jirani wa nani. Kwa kaunti ndogo tano za Nyamira kipimo hicho hakina maana, vizio ni vichache mno. Kwa wadi 20 kinaanza kusema kitu, lakini nyingi kati ya hizo ziko pembeni na nusu ya majirani zake wamo Kisii, Homa Bay, Kericho au Bomet. Programu itadhani hakuna mtu upande ule. Wadi ya Nyamira inayogusa Keroka itaonekana iko peke yake duniani.

Basi chukua kaunti zote mbili pamoja, wadi 65, na uongeze mzunguko mmoja wa wadi za kaunti jirani. Tumia mzunguko huo kwenye hesabu, lakini usitangaze matokeo yake, kwa maana wadi hizo nazo zimekatwa upande wa nje. Kisha jaribu maana mbili za ujirani, wanaogusana mpaka na wale walio karibu zaidi kwa barabara. Ukuta wa mlima wa Manga huwafanya watu wanaopakana kwenye ramani wazunguke mbali ili kufikiana. Programu za GeoDa na R zote ni za bure na zitakufanyia haya. Kundi la wadi linaloonekana kwa maana zote mbili za ujirani liamini. Linaloonekana kwa moja tu liandike kwenye daftari lako ulifuatilie, usilipeleke kwa gavana.

Vizio vidogo vinapiga kelele

Baada ya yote haya unaweza kudhani kwamba kushuka hadi kijiji ndiyo suluhisho. Sivyo. Tuseme kaunti ndogo ya watu elfu sitini na kitu, kama Sameta, inazaa watoto 1,500 kwa mwaka. Kifo kimoja cha mama mzazi kinapandisha kiwango kwa 67 kwa kila uzazi 100,000. Vifo viwili mwaka huu na sufuri mwaka ujao, na magazeti yataandika muujiza. Kila kifo kati ya hivyo ni msiba wa nyumba fulani na kinastahili kuchunguzwa kivyake. Lakini kulinganisha kaunti ndogo kwa nambari hizo ni kulinganisha bahati.

Unganisha miaka mitatu au mitano kabla ya kupunguza ukubwa wa eneo. Au tumia ulainishaji wa Bayes, ambao huvuta viwango vya maeneo yenye watu wachache kuelekea wastani wa majirani au wa kaunti. Daima onyesha mipaka ya makosa. Na jambo ambalo si la hesabu: ikiwa kata ndogo ina wagonjwa watatu wa ugonjwa wenye unyanyapaa, usiichore. Kijijini watu watatu hujulikana.

Eneo si mtu

Mwaka 1950 William Robinson alitumia sensa ya Marekani ya 1930 kupima uwiano kati ya kuwa mtu mweusi na kutojua kusoma. Kwa kanda tisa alipata 0.946. Kwa majimbo, 0.773. Kwa mtu mmojammoja, 0.203. Aliyesoma nambari ya kanda angeapa kwamba rangi inaeleza karibu kila kitu.

Kwa hiyo ukiona kwamba wadi zenye majani chai mengi zina watoto wengi sekondari, umejua jambo kuhusu wadi. Hujajua kama watoto hao ni wa wakulima wa chai, wa wafanyabiashara waliofuata pesa ya chai, au wa walimu waliopanga nyumba karibu na kiwanda. Ukitaka kujua, uliza kaya. Andika "wadi zenye" na usiandike "wakulima wa" mpaka umeuliza.

Kwa nini haya yana uzito

Mpaka ukibadilika, fedha hubadilika. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotunga sera ya kwanza ya Hazina ya Usawazishaji, kizio kilikuwa kaunti, na kaunti 14 zikatajwa kuwa zimetengwa. Kisii na Nyamira hazikuwamo. Sera ya pili ilishuka hadi vizio vidogo, ikataja maeneo 1,424 katika kaunti 34. Kaunti ambazo wastani wake ulikuwa wa kuridhisha ziligundulika kuwa na mifuko ya umaskini ambayo wastani uliifunika. Mwanakijiji wa sehemu hizo hakuwa maskini zaidi siku sera ilipobadilika. Alionekana tu. Naona hii ndiyo sababu kuu ya kuwa mwangalifu: kuna watu ambao hawataonekana kamwe kwa mpaka uliochaguliwa kwa mazoea.

Unapoandika ripoti, weka chini ya kila ramani maelezo ya namna hii, ukibadilisha yanayohusika: "Viwango vimekokotolewa kwa kaunti ndogo za sensa ya 2019. Tumevirudia kwa wadi na kwa matabaka ya mwinuko. Tofauti kati ya bonde na kilele imeonekana katika migawanyo yote mitatu. Tofauti kati ya Kisii na Nyamira imeonekana kwa kaunti ndogo peke yake." Msomaji wako atajua cha kushika na cha kuachia. Ukishiriki kwenye kikao cha maoni ya umma, soma maelezo hayo kwa sauti, maana ramani ikishaonyeshwa ukutani hakuna anayesoma maandishi madogo.

Na hifadhi data ghafi kwa kizio kidogo unachoweza kukilinda, ikiwa na msimbo wa kata ndogo na mwaka wa mipaka uliotumia. Kifungu cha 89 cha Katiba kinaitaka tume ya uchaguzi ipitie maeneobunge kila baada ya miaka 8 hadi 12, na wadi mara kwa mara. Mara ya mwisho ilikuwa 2012, na kikomo kilipita Machi 2024 tume ikiwa haina makamishna. Kwa sensa ya 2019 wastani wa kitaifa ni takriban watu 164,000 kwa eneobunge, na sheria inaruhusu maeneo ya kawaida kupungua au kuzidi kwa asilimia 30. Borabu na watu wake 73,167 iko mbali chini ya hapo. Mipaka itakapochorwa upya, aliyehifadhi wastani wa maeneobunge ya zamani pekee atakuwa na faili asiyoweza kuilinganisha na chochote. Aliyehifadhi kata ndogo atazipanga upya ndani ya mipaka mipya na kuendelea na kazi.